Vitabu vya babu visiishie kwa muuza njugu

Wahenga walisema, kitunze kikutunze. Nafikiri aliyeutunga msemo huo hakuwa na sanduku la vitabu Msambweni, hatua mia tatu kutoka baharini, katika mwezi wa tano, masika yakimwagika na upepo wa kusi ukipenyeza chumvi hadi chumba cha kulala. Angekuwa nalo, angegundua kwamba karatasi ya Pwani ina maadui wengi kuliko mwanasiasa.

Hayo nimeyakumbuka, msomaji wangu, kwa sababu ya safari niliyoifanya majuzi. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu ambaye amefundisha nusu ya watu wazima wa kijiji chetu, alinipigia simu akasema neno moja tu: "Njoo." Kwetu sisi Wadigo, mwito wa mjomba si wa kupuuza. Zamani hata urithi wenyewe ulipitia kwake, kabla sheria ya dini haijashika nguvu. Basi nikafunga virago, nikavuka feri ya Likoni, nikapanda matatu. Tukapita Ukunda, pale wageni wanaposhuka kuelekea Diani, tukapita Gazi, na saa nane mchana nilikuwa barazani kwa mjomba nikimwamkia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa. Kuna kesi hapa, na wewe ndiye hakimu, maana unaandika magazetini."

Kesi yenyewe ilikuwa sanduku. Sanduku la bati, la rangi ya kijani, kubwa kama lile tulilopelekea shule ya bweni. Ndani yake mlikuwa na vijitabu vya katuni za vita zaidi ya mia mbili, ambavyo mjomba alivikusanya tangu ujana wake.

Mshtaki wa kwanza alikuwa mkaza mjomba. "Mimi nataka mende watoke chumbani mwangu. Muuza njugu wa stendi amesema atavichukua vyote jioni hii, na watoto atawapa njugu juu."

Mshtaki wa pili alikuwa kijana wa binamu yangu, anayesoma chuo Mombasa. Alinisogezea simu usoni. "Ami, tazama. Hiki kimoja tu cha zamani kimeuzwa Marekani kwa maelfu ya dola. Babu anavyo zaidi ya mia mbili! Nadaiwa ada ya muhula mmoja, nao wamesema nisipolipa sitafanya mtihani. Tunalalia pesa."

Mjomba hakusema kitu. Alikuwa akizungusha tasbihi yake polepole. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, lakini nilihisi ananitazama.

VILIVYOKUWAMO SANDUKUNI

Wasomaji walio na umri kama wangu hawahitaji maelezo marefu. Vijitabu hivyo vilikuwa vidogo, vya kutosha mfuko wa nyuma wa suruali, jalada lina rangi kali na ndani ni picha nyeusi na nyeupe, kurasa zaidi ya 60. Vilivyojulikana zaidi ni Commando, vinavyochapwa na kampuni ya D. C. Thomson ya Dundee, Scotland, tangu mwaka 1961. Kabla yake, mwezi wa Septemba 1958, London ilikuwa imetoa War Picture Library, mfululizo uliopita matoleo 2,000 kabla ya kufungwa mwaka 1984. Commando bado inachapwa hadi leo, na mwaka 2017 ilifikisha toleo la 5,000.

Vilifika kwetu kwa njia zote. Vingine vilinunuliwa vikiwa vipya kwenye maduka ya vitabu mjini Mombasa, na vingine vilikuwa vya mtumba, vimetandazwa juu ya gunia kando ya barabara. Shuleni vilikuwa sarafu. Kimoja ulikibadilisha kwa viazi vya karai, viwili kwa kalamu ya wino. Mwenye vitano alikuwa tajiri na marafiki hawakumkosa.

Navyo vilituharibu kidogo, tuseme kweli. Tulikimbia ufukweni Msambweni na makuti mabegani eti ni bunduki, tukipiga kelele za Kijerumani na za Kijapani ambazo hatukujua maana yake. Kila mtu alitaka kuwa sajini Mwingereza mwenye kidevu kama tofali. Mdogo kuliko wote ndiye aliyelazimishwa kuwa adui, naye alikufa mara kumi kabla ya magharibi.

KITABU KIZURI, ALAMA MBILI

Nikavua saa, nikanawa mikono, nikaanza kuvitoa kimoja kimoja. Kijana alikuwa amechuchumaa kando yangu akihesabu kwa sauti.

Sasa nisikilize, wewe mwenye sanduku la namna hii nyumbani, au mwenye baba aliye nalo. Katika biashara ya vitabu vya katuni vya kale, kitu cha kwanza kinachotazamwa ni toleo gani, na cha pili ni hali yake. Hali ndiyo inayoua au kuponya bei. Mwaka 1970 Mmarekani aitwaye Robert Overstreet alianza kutoa kitabu cha mwongozo wa bei, na wakusanyaji wakazoea kuzungumza lugha moja. Mwaka 2000 ikaanzishwa kampuni inayoitwa CGC, ambayo hukipokea kitabu chako, hukikagua ukurasa kwa ukurasa, hukipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha hukifungia katika kasha gumu la plastiki. Kikishafungiwa humo hakisomwi tena.

Alama hizo zina vituko vyake. Kitabu kilicho karibu na upya kabisa hupewa 9.4. Kilicho safi sana lakini kimeguswa hupewa 8. Na kile ambacho wao wenyewe wanakiita "kizuri", chenye mikunjo, kona zilizochakaa na jalada lililofifia, hupewa 2. Mbili kwa kumi! Nikamwambia mjomba, "Mwalimu, siku niliyopata mbili kwa kumi kwenye hesabu zako sikuitwa mzuri. Nilipata fimbo." Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza.

Basi kile alichokiona kijana simuni kilikuwa cha alama za juu, tena toleo adimu. Toleo hilo hilo likiwa na alama mbili huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Katuni za vita zenye alama za juu ni chache hasa kwa sababu zilikuwa mali ya wavulana. Zilichapwa kwenye karatasi duni, zikakunjwa mfukoni, zikasomwa chini ya blanketi, zikapitishwa mikono kumi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, watoto wa Marekani na Uingereza walihimizwa kutoa karatasi kuukuu zisaidie vita, na katuni nyingi za miaka hiyo zikaenda na mkumbo huo.

Vilivyosalia safi vina hadithi zake. William Gaines, mchapishaji wa New York aliyetoa Two-Fisted Tales mwaka 1950 na Frontline Combat mwaka 1951, alikuwa na tabia ya kuweka kando nakala kadhaa za kila toleo, zimefungwa vizuri na hazijasomwa na mtu. Miaka mingi baadaye nakala hizo zilipouzwa, wakusanyaji waligombana. Zile za mhariri wake Harvey Kurtzman, zilizoandikwa wakati wa vita vya Korea, huheshimiwa hadi leo kwa sababu hazikuipaka vita sukari.

Mwingine ni Edgar Church, mchoraji wa matangazo huko Denver, jimbo la Colorado. Alinunua katuni miaka na miaka akazirundika nyumbani kwake. Mwaka 1977 muuzaji mmoja, Chuck Rozanski, alizinunua zote. Zilikadiriwa kuwa kati ya 18,000 na 22,000, na nyingi zilikuwa nyeupe utadhani zimetoka kiwandani jana. Siri yake ilikuwa nini? Colorado ni nchi ya juu yenye hewa kavu. Vitabu vilikuwa gizani, vimelala juu ya vingine, vimebanana hata hewa haipiti.

"Kwa hivyo tulikosa Colorado," akasema kijana, akiwa ameacha kuhesabu.

"Tulikosa Colorado," nikamjibu. "Tukapata bahari."

CHUMVI, KUVU NA MENDE

Nikamwonyesha. Karatasi ya bei nafuu hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kutolewa vitu vyote vya mti. Vitu hivyo, pamoja na asidi, huigeuza karatasi kuwa ya manjano, halafu ya kahawia, halafu ikakatika kama papuri. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo. Pwani yetu unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na hapo kuvu huona amefika nyumbani. Pini mbili zinazoshika kurasa hupata kutu kwa hewa ya chumvi, na kutu hiyo huchora mduara wa kahawia kwenye karatasi. Mende hula jalada kwa sababu ya gundi. Kuna pia vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyoteleza kama maji, vinavyopenda karatasi kuliko mwanafunzi yeyote.

Vitabu vya mjomba vilikuwa na hayo yote. Na vilikuwa na kosa moja zaidi, ambalo mkusanyaji wa alama hawezi kulisamehe. Karibu kila kitabu cha tatu kilikuwa kimeandikwa kwa penseli pembeni mwa kurasa.

Kijana akashika kichwa. "Babu! Umeviandika!"

"Nimeviandika," akasema mjomba.

PENSELI YA MWALIMU

Nikakisogeza kimoja dirishani nikasoma. Ilikuwa hadithi ya vita vya Burma, Waingereza wanatambaa msituni, Wajapani wamejificha juu ya miti. Kando ya picha ya mvua, kwa mwandiko ule ule ulionisahihishia insha zangu, palikuwa na maneno haya: "Baba: mvua haikukatika. Magari yalizama topeni. Chakula kiliangushwa na ndege, kingine kikaanguka kwa adui."

Nikageuza. Kwenye picha ya askari wanaokula: "Baba hakutaka tena nyama ya kopo hadi anakufa." Kwenye picha ya mto mpana: "Chindwin? Baba aliita mto wa Kalewa. Alisema daraja lilikuwa refu kama kutoka kwetu hadi msikitini." Na kwenye picha ya kikosi kizima kimepumzika, nyuso zote za Kizungu, maneno matatu tu: "Na sisi je?"

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR. Mimi nilimjua kama mzee mkimya wa kupanda minazi, aliyekataa kuzungumza juu ya vita. Alikufa nikiwa mdogo. Sikuwahi kujua kwamba mjomba, akiwa kijana wa shule, alikuwa akimletea katuni hizi jioni, akimfungulia picha moja moja na kumwuliza: "Baba, ilikuwa hivi?" Mzee aliyekuwa hajibu swali lolote, mbele ya picha alijibu. "Hapana, haikuwa hivi. Ilikuwa hivi." Na mwana akachukua penseli.

Nilikaa kimya kwa muda. Hata mkaza mjomba, aliyekuwa mlangoni na ufagio mkononi, aliuegemeza ukutani.

Msomaji, mambo ya Burma si ngano. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilishuka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, na mwezi wa Desemba ikafika Kalewa, ambako mto Chindwin ulijengewa daraja. Wengi hawakufika huko. Mapema Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini katika msafara wa kwenda Colombo. Tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wa kike. Kwenye kijitabu kimoja, kando ya picha ya meli inayowaka, mjomba aliandika: "Khedive Ismail. Baba alitaja marafiki wanne. Akalia."

Hakuna haja ya kwenda hadi Burma kutafuta vita vyetu. Matatu iliyonileta ilipita Gazi, alipokuwa Mbaruk bin Rashid Mazrui. Mwezi wa Agosti 1895 Waingereza walimfuata hadi ngome yake ya Mwele, huku huku Kwale, wakaiteka. Naye aliendelea kupigana hadi 1896 alipovuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Mwezi wa Oktoba 1914 Wajerumani nao wakaja kutoka kusini wakitaka Mombasa, wakazuiwa hapo hapo Gazi. Januari 1916 Arthur Wavell, aliyekiongoza kikosi cha Waarabu wa Pwani, aliuawa Mwele. Mtoto wa Kwale aliyejua kila kifaru cha Ujerumani kwa jina lake, kama nilivyokuwa mimi, hakuwa amewahi kuona hata picha moja ya hayo.

Si kwamba wachoraji wote walitupita. Mwitaliano Hugo Pratt, aliyechora pia hadithi za War Picture Library, alilelewa Ethiopia tangu 1937. Alikuwa na miaka 13 wakati askari wa Afrika Mashariki na Kusini walipoingia Addis Ababa mwezi wa Aprili 1941. Baadaye yeye na mama yake walizuiliwa katika kambi ya Dire Dawa, na inasimuliwa kwamba alinunua katuni kutoka kwa walinzi. Alipokuwa mtu mzima alimchora baharia wake maarufu, Corto Maltese, akampitisha Yemen, Somalia na Ethiopia hadi mto Rufiji. Huyo alituona kwa macho yake. Wengi wa wengine walichora misitu yetu wakiwa kwenye baridi ya Ulaya.

HUKUMU

Nilikuwa hakimu, basi ilinibidi nihukumu.

Kwanza nilimwambia kijana ukweli bila kuupamba. Vitabu vya babu yake haviwezi kulipa ada ya chuo. Kati ya vile zaidi ya mia mbili, tisa tu vilikuwa safi kiasi cha kumvutia mkusanyaji, na hivyo vilikuwa vya mara mbili, yaani mjomba alikuwa na nakala nyingine yake. Hivyo tisa mjomba alimpa mjukuu wake ruhusa ya kuuza. Nikamwonya aeleze kila kasoro, hata kona iliyokunjwa, na apige picha mbele na nyuma, kwa sababu mnunuzi akidanganywa mara moja hatarudi. Asitume kitabu kabla ya malipo kufika. Na akitokea "tajiri" anayetaka atumiwe kwanza pesa za kushughulikia mauzo, akate simu. Huyo hanunui katuni, ananunua wajinga.

Pili, nilimwambia mkaza mjomba kwamba ana haki. Mende lazima watoke. Lakini vitabu havitoki.

Ada ilipatikana kwa njia ile tunayoijua. Nilipiga simu tano Nairobi na Mombasa, binamu yangu akauza mbuzi mmoja, mjomba akatoa kidogo kwenye pensheni. Kijana akaingia mtihani.

NA WEWE MWENYE SANDUKU

Sasa najua wako wasomaji ambao, wakimaliza ukurasa huu, wataenda kuchungulia chini ya kitanda. Iwe ni Commando, au African Film zile za Lance Spearman, au Joe ya Nairobi ya miaka ya 1970, au Pichadithi za miaka ya 1980 zilizotuchorea ngano kama ya Lwanda Magere, ushauri ni mmoja.

Chagua siku kavu. Pwani, Januari na Februari ni miezi mizuri kuliko Mei. Usivianike juani, kwani jua hufifisha rangi na kukausha karatasi. Vitandaze kivulini penye upepo. Kuvu akishakauka, mpanguse nje ya nyumba kwa brashi laini, ukiwa umefunga pua na mdomo.

Kwa wadudu, makumbusho mengi duniani hutumia baridi. Sisi tulifunga vitabu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, tukaitoa hewa, tukaibana, tukaenda kwa jirani auzaye samaki. Vikalala wiki mbili ndani ya friza yake, kati ya changu na tafi. Vikitoka, usifungue mfuko siku hiyo hiyo. Ngoja vipoteze baridi kabisa, la sivyo unyevu wa hewa utavilowesha. Vyetu vilitoka bila hata mende mmoja aliye hai, na bila harufu ya samaki, ingawa mkaza mjomba bado anasema anaisikia.

Usitumie selotepu kuunga ukurasa uliochanika. Huwa ya manjano, huvuja gundi na huacha doa lisilotoka. Pini zenye kutu usizing'oe kwa nguvu. Kila kitabu kitie katika mfuko wake safi wa plastiki ngumu inayoangaza, si ile laini yenye harufu kali, na nyuma yake weka kadibodi isiyo na asidi ukiipata. Vilaze juu ya vingine, rundo lisiwe kubwa, ndani ya kasha lenye kifuniko, juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Usiviweke darini chini ya mabati, kule ni tanuri. Vile vijipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya hunyonya unyevu, vitie ndani na uvibadilishe mara kwa mara. Kila miezi mitatu fungua utazame. Na mtoto asomapo, anawe mikono kwanza na aikaushe. Mafuta ya bajia ni adui wa milele.

Lakini asome. Hilo ndilo ninalotaka kulisema kabla nafasi haijaniishia. Simlaumu anayetafuta alama 9.4, kwa maana bila watu wa namna hiyo tusingejua leo rangi halisi za vitabu vile zilikuwaje. Ila alama hupima kitu kimoja tu, ni kiasi gani kitabu kilibaki bila kuguswa. Cha mjomba kiliguswa na watu watatu, mtoto aliyeuliza, baba aliyejibu, na sasa mjukuu anayesoma yaliyoandikwa. Mbele ya mkaguzi wa Marekani kingepata alama moja na nusu. Nyumbani Msambweni ndicho hati ya pekee tuliyo nayo ya miaka minne ya maisha ya babu.

Kijana amepiga picha kurasa zote zenye penseli. Jioni, akija likizo, huketi barazani akamsomea babu yake alichokiandika zaidi ya nusu karne iliyopita, naye mzee huongeza yale aliyoyasahau kuandika. Kijana huandika kwenye daftari, si kitabuni. Mara ya mwisho nilipopiga simu daftari la kwanza lilikuwa limejaa.

Muuza njugu alipita tena kuuliza. Mkaza mjomba akampa magazeti ya zamani, na humo, msomaji wangu, najua zimo makala zangu kadhaa. Ukinunua njugu stendi ya Msambweni na ukaona jina langu limeloa mafuta, usinihurumie. Kula kwanza, kisha usome.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.